Jibu kwa msomaji: kati ya Ufini na Uswidi, jeshi gani lina nguvu zaidi?

Msomaji wa Mwanza ameniandikia hivi: "Mtaalamu, shikamoo. Kuna orodha inazunguka kwenye simu inayoyapanga majeshi ya dunia kwa nguvu, na imeiweka Uswidi juu ya Ufini. Mwenzangu kazini anasema ni sawa, kwa sababu Uswidi ina watu karibu mara mbili ya Ufini, ina pesa, na inatengeneza ndege zake za kivita yenyewe. Mimi nabisha kwamba Ufini ni zaidi, kwa sababu iliwahi kuwazuia Warusi. Tumebishana wiki nzima. Nani kati yetu yuko sahihi? Na nchi hizo zikipigana zenyewe kwa zenyewe, nani atashinda?"

Marahaba, ndugu yangu. Jibu nalitoa mapema ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Kwa vita vya nchi kavu, vikianza kesho asubuhi, Ufini ina nguvu zaidi, tena kwa mbali. Chini ya bahari, na katika viwanda vya silaha, Uswidi iko mbele, nako kwa mbali. Angani zinakaribiana, ingawa muda si mrefu Ufini itakuwa na ndege mpya zaidi. Kwa hiyo ubishi umeushinda wewe, lakini sababu uliyoitoa ina kasoro, na mwenzako naye ana hoja ambazo hupaswi kuzipuuza.

Tuanze na hao Warusi, maana wengi huisimulia hadithi hii nusu. Tarehe 30 Novemba 1939 Muungano wa Kisovieti uliivamia Ufini. Wafini walipigana siku 105, wengi wakiteleza kwa ski kwenye theluji ya magotini, na dunia nzima ikashangaa. Lakini soma mkataba wa Machi 1940: Ufini ilikubali kutoa takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, pamoja na mji wa Viipuri, na watu zaidi ya 400,000 wakafungasha na kuhama makwao. Mwaka 1941 ikaingia tena vitani, safari hii ikiwa upande mmoja na Ujerumani, hadi Septemba 1944. Ardhi ile haikurudi mpaka leo. Warusi walichozuiwa ni kuimeza nchi. Katika vita vile vyote Helsinki haikukaliwa na jeshi la kigeni hata siku moja, na kati ya miji mikuu ya Ulaya iliyokuwa vitani ni michache mno iliyosalimika hivyo. Basi ukibishana, sema "ilibaki huru", usiseme "ilishinda".

Kilicho muhimu kuliko ushujaa ni somo walilolichukua. Mwaka 1939 mizinga ya Ufini ilikuwa michache, na mabomu yake yalikuwa machache zaidi. Kuna mahali wapiga mizinga walimwona adui waziwazi na hawakuwa na cha kumtupia. Hilo liliwaingia Wafini mifupani. Jenerali Vilho Nenonen, mtaalamu wao wa mizinga, alijenga mfumo wa hesabu uliowezesha mizinga iliyotawanyika sehemu mbalimbali kupiga mahali pamoja kwa wakati mmoja bila kupoteza dakika nyingi. Katika kiangazi cha 1944, kwenye mapigano ya Tali-Ihantala, mfumo huo ulifanya kazi: mizinga takriban 250 iliweza kuelekezwa kwenye kipande kimoja cha ardhi, na mashambulizi ya Wasovieti yakakwama hapo.

Sasa ruka miaka 80 uangalie ghala la Ufini la leo. Ukijumlisha mizinga, mota nzito na mitambo ya kurushia roketi, unakuta takriban 1,500. Ujerumani, yenye watu mara 15 ya Ufini, haiifikii. Ndiyo, mingi ni ya zamani na inavutwa na magari, lakini wameongeza mizinga inayojiendesha ya K9 kutoka Korea Kusini, na kila mmoja una mabomu yake na watu wanaojua kuutumia. Orodha za mtandaoni huhesabu vilivyomo ghalani. Haziulizi ni nani atakayeingia ndani ya kifaru saa kumi alfajiri na kama alishawahi kukiendesha.

Hapo ndipo tunafika kwenye moyo wa jambo lenyewe, yaani watu.

Baada ya vita, mkataba wa amani wa Paris wa 1947 uliifunga Ufini mikono: jeshi la nchi kavu lisizidi watu 34,400, ndege za kivita zisizidi 60, nyambizi marufuku kabisa. Mshindi alidhani amemaliza kazi. Wafini wakaangalia maandishi vizuri. Mkataba ulihesabu askari walioko kambini. Haukuhesabu mafundi bomba, walimu na wakata miti waliokwisha kufunzwa na kurudishwa majumbani. Basi wakafunza kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1990, Muungano wa Kisovieti ulipokuwa unayumba, Ufini ikatangaza kwamba masharti yale ya kijeshi hayaifungi tena. Kufikia hapo nchi ilikuwa imejaa askari wasiovaa sare.

Utaratibu ni uleule mpaka leo. Kila mwanamume wa Ufini ana wajibu wa utumishi wa lazima, nao huchukua siku 165, 255 au 347 kulingana na kazi anayofunzwa. Wanawake wanaruhusiwa kujitolea tangu 1995. Vijana zaidi ya 20,000 hufunzwa kila mwaka. Hata jenerali alianza kama kuruta wa kawaida, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuingia. Usiufananishe sana na mafunzo ya JKT. Kijana wetu wa mujibu wa sheria anamaliza, anarudi nyumbani, anaendelea na chuo. Wa Ufini naye anarudi nyumbani, lakini jina lake limeandikwa kwenye kikosi cha wakati wa vita, na humo ana nafasi yake: mpiga mota, dereva, fundi wa mawasiliano. Baada ya miaka anaitwa tena kwa mazoezi ya siku chache, na anakutana na wenzake walewale, sasa wana vitambi na watoto. Vita vikitokea, jeshi linapanda hadi watu 280,000, na nyuma yao wako wengine, kiasi kwamba akiba nzima inatajwa kuwa takriban watu 870,000. Nchi yenyewe ina watu milioni 5.6. Mwaka 2025 wakaamua kupandisha umri wa askari wa akiba hadi miaka 65, na wanatarajia kufikia milioni moja ifikapo 2031.

Waswahili tunasema akiba haiozi. Mimi sijaona nchi ya Ulaya iliyouishi msemo huo kama Ufini.

Na akiba yao haiishii kwenye bunduki. Kuna idara maalumu ya serikali inayohifadhi nafaka, mafuta na dawa kwa ajili ya siku mbaya. Kuna mahandaki ya kujikinga takriban 50,500 yanayoweza kuchukua watu milioni 4.8. Sheria inamlazimu anayejenga jengo kubwa, la kuanzia mita za mraba 1,200, aweke handaki ndani yake. Jijini Helsinki kuna bwawa la kuogelea lililochimbwa ndani ya mwamba, eneo la Itäkeskus. Watoto hujifunza kupiga mbizi humo, na likihitajika hugeuzwa kuwa kimbilio la watu 3,800. Tangu 1961 wanaendesha kozi za ulinzi wa taifa ambamo wabunge, wakurugenzi wa makampuni na wahariri wa magazeti hukaa pamoja na maofisa wa jeshi wakijifunza nani atafanya nini nchi ikivamiwa. Mkurugenzi wa kampuni ya umeme anajua simu ya kwanza atampigia nani. Hilo halimo kwenye orodha yoyote, nami naliona lina uzito kuliko vifaru 50.

Sasa Uswidi. Hapa naomba uwe na subira na mwenzako, kwa sababu Uswidi anayoizungumzia iliwahi kuwepo.

Uswidi haijapigana vita tangu 1814. Lakini kutopigana hakukuwa na maana ya kukaa bila silaha. Miaka ya Vita Baridi ilikuwa nchi isiyofungamana na upande wowote na iliyojihami mpaka kwenye meno. Jeshi lake la angani lilitajwa miongoni mwa makubwa duniani. Ingeita watu takriban 800,000 ndani ya siku chache. Ilichimba kambi ya wanamaji ya Muskö ndani ya mlima, meli zikiingia kama magari yanavyoingia gereji. Ilifika hata kufanya utafiti wa bomu la nyuklia, kabla ya kuachana nao na kutia saini mkataba wa kuzuia silaha hizo mwaka 1968. Uswidi ile ya 1970 ingeshindana na Ufini ya leo, hilo nalikubali.

Kisha Vita Baridi vikaisha, na Waswidi wakaamini kwamba vimeisha moja kwa moja. Bunge lilipitisha mipango ya kupunguza ulinzi mwaka 1996, ikaja mingine 2000 na 2004, na kila mmoja ulifuta vikosi, kambi na maghala. Mwaka 2005 walikifunga kikosi cha kudumu cha kisiwa cha Gotland, kisiwa kilichokaa katikati ya Bahari ya Baltiki kama bawabu mlangoni. Mwaka 2010 utumishi wa lazima ukasimamishwa. Matumizi ya ulinzi yakashuka hadi karibu asilimia moja ya pato la taifa. Jeshi likageuzwa kuwa dogo, la kulipwa mshahara, la kupeleka Afghanistan na kwingineko kulinda amani.

Matokeo yalionekana haraka. Mwishoni mwa 2012 mkuu wa majeshi wa wakati huo, Sverker Göranson, aliliambia gazeti kwamba nchi ingeweza kujilinda kwa takriban wiki moja, tena katika eneo moja tu. Watu walimkasirikia kwa kusema ukweli. Miezi michache baadaye, usiku wa Ijumaa Kuu ya 2013, ndege za Urusi za kuangusha mabomu zikisindikizwa na za kivita zilifanya mazoezi ya kushambulia karibu na Gotland, na Uswidi haikuwa na ndege hata moja iliyokuwa tayari kupaa. Walioruka kwenda kuziangalia ni Wadenmark waliokuwa zamu ya NATO huko Lithuania. Nchi inayounda ndege zake yenyewe!

Mimi jambo hili huniuma ninapolisimulia, kwa sababu kuvunja kulichukua miaka 15 na kujenga upya kunachukua muda mrefu zaidi. Silaha unaweza kuagiza. Meja mwenye miaka 20 ya kuendesha batalioni msituni huwezi kumwagiza popote. Utumishi wa lazima ulirudishwa mwaka 2017, safari hii kwa wavulana na wasichana sawasawa, lakini walianza na vijana takriban 4,000 tu kwa mwaka. Baadaye wamepanda, na lengo ni 10,000 mwaka 2030. Ukiwataka wawe wengi zaidi ghafla, unauliza: nani atawafunza, na watalala wapi? Kambi nyingine ziliuzwa. Mwaka 2020 bunge liliamua kulipandisha jeshi la wakati wa vita kutoka watu 60,000 hadi 90,000, mgambo wao wakiwemo. Linganisha na zile 280,000 za jirani mwenye nusu ya watu wake, na utaona kwa nini nasema kwenye nchi kavu hakuna mashindano.

Vifaru vinasimulia hadithi hiyohiyo. Uswidi ina Leopard takriban 110 za aina yake nzuri sana, baada ya kuipa Ukraine 10. Ufini ina takriban 200. Imezipataje? Wakati nchi nyingine zilipokuwa zinauza kwa bei ya kutupa, Ufini ilikuwa inanunua. Ujerumani ilipofuta jeshi la Mashariki, Wafini walikwenda kuchukua mizinga na mabomu kwa wingi. Uholanzi ilipoamua haihitaji tena vifaru, Ufini ikakubaliana nayo mwaka 2014 kununua Leopard 100 zilizotumika kwa takriban euro milioni 200. Bei hiyo leo hata haiingii kwenye mazungumzo.

Basi mwenzako ana nini mkononi? Ana mengi, na ya kwanza ni nyambizi.

Baltiki ni bahari ya kina kifupi, maji yake yana chumvi kidogo, sauti hupinda ovyo humo, na pwani imejaa visiwa vidogo visivyohesabika. Kwa nyambizi kubwa ni jela. Kwa nyambizi ndogo na tulivu ni msitu wa kuwindia. Uswidi imejenga nyambizi za namna hiyo zaidi ya miaka mia moja. Zile za daraja la Gotland zina injini ya Stirling inayotumia oksijeni iliyobebwa ndani, kwa hiyo zinaweza kukaa chini wiki kadhaa bila kutoa pua juu kuvuta hewa. Mwaka 2005 jeshi la majini la Marekani lilikodi moja pamoja na mabaharia wake, ikapelekwa San Diego, na katika mazoezi ikafanikiwa kuifikia meli ya kubebea ndege ya USS Ronald Reagan na "kuizamisha" kabla haijagunduliwa. Wamarekani waliongeza mkataba kwa mwaka mwingine ili wajifunze kuitafuta. Ufini haina nyambizi hata moja. Ilizokuwa nazo zilipigwa marufuku na ule mkataba wa 1947, na iliyobaki, Vesikko, ni makumbusho ya kutembelewa na watalii huko Suomenlinna.

Kizuri cha pili ni viwanda. Saab ya Linköping inaunda ndege za Gripen. Hägglunds ya Örnsköldsvik inaunda magari ya deraya ya CV90, ambayo Ufini yenyewe inayo 102. Kuna mizinga ya Archer, kuna rada, kuna makombora ya kubeba begani. Nchi ya watu milioni 10 na kitu inayoweza kuunda ndege ya kivita, nyambizi na kifaa cha kuiona ndege ya adui kutoka mbali ni ajabu, na nchi kubwa kuliko Uswidi zimeshindwa. Ni kweli injini ya Gripen asili yake ni Marekani, lakini uwezo wa kuibadilisha, kuitengeneza na kuiboresha ndege uko nyumbani. Wasomaji wa Kongo, hasa wa upande wa Katanga, huenda wamesikia kutoka kwa wazee kuhusu ndege nene kama pipa zilizoruka kutoka Kamina miaka ya 1961 hadi 1963 chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Hizo zilikuwa za Uswidi, ziliundwa na Saab, na jina lake, Tunnan, kwa Kiswidi ni pipa kweli.

Ufini nayo ina kampuni ya Patria, na magari yake ya magurudumu sita ni mazuri kiasi kwamba Uswidi imeagiza zaidi ya 300. Hata hivyo si saizi moja.

Angani, Uswidi ina Gripen takriban 90 na imeagiza 60 za toleo jipya la E. Ubora wake mkubwa ni kwamba ilibuniwa kwa ajili ya nchi inayotarajia viwanja vyake vipigwe mabomu siku ya kwanza. Inatua kwenye barabara ya kawaida yenye urefu wa mita 800, fundi mmoja na makuruta watano wanaijaza mafuta na makombora, na dakika kumi baadaye iko hewani. Ufini nayo hufanya mazoezi ya kutua barabarani kila mwaka, na marubani wake ni hodari. Ilikuwa na Hornet 64 zilizoagizwa 1992 kutoka Marekani. Ilipotafuta mbadala, Uswidi iliipelekea ofa ya Gripen 64 pamoja na ndege mbili za GlobalEye za kuchungulia mbali. Desemba 2021 Ufini ikachagua F-35, nazo ni 64, mradi wa takriban euro bilioni 10. Linköping walisikitika sana. Kwa upande wa kuona na kutoonekana, F-35 iko juu ya Gripen, na kundi lote likishafika nitaipa Ufini pointi ya angani. Kwa ulinzi wa kuangusha makombora ya mbali, Uswidi ilitangulia kwa kununua Patriot mwaka 2018. Ufini ikafuata na mtambo wa David's Sling kutoka Israeli mwaka 2023.

Pesa nayo isikupoteze. Bajeti ya Uswidi ni takriban mara mbili ya Ufini, na mwaka 2025 vyama vikubwa na vidogo vilikubaliana kuifikisha asilimia 3.5 ya pato la taifa ifikapo 2030, hata kwa kukopa hadi krona bilioni 300. Lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo inalipia mishahara, utafiti na kurudisha vilivyofutwa. Kuruta wa Ufini analipwa posho ndogo ya siku. Ukigawa bajeti kwa kila askari aliye tayari, Ufini ndiyo inayonunua rahisi kuliko karibu nchi yoyote ya NATO.

Kuna udhaifu wa Ufini ambao lazima niutaje, maana wewe kwa mapenzi yako unaweza kuusahau. Mpaka wake na Urusi una kilomita takriban 1,340, nao haulindiki mita kwa mita hata ungekuwa na watu milioni mbili. Zaidi ya asilimia 90 ya biashara yake hupita baharini, yaani Baltiki ikifungwa nchi inageuka kisiwa. Upande wa nchi kavu kuna Uswidi, lakini ukifika mpakani, kati ya Haparanda na Tornio, reli zinatofautiana: ya Ufini ina upana wa milimita 1,524, urithi wa enzi ya tsar, na ya Uswidi ni 1,435. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Na jambo la mwisho: askari wa akiba ni dereva wa basi, ni nesi, ni fundi wa kiwanda. Ukiwaita wote, wanatoka kwenye basi, hospitali na kiwanda. Ufini ni hatari sana kwa miezi ya kwanza; vita vya miaka mitano vingeiumiza vibaya.

Hapo ndipo swali lako la pili, la nchi hizi kupigana zenyewe, linapojibika. Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi mpaka 1809, Urusi ilipoichukua. Baada ya Ufini kupata uhuru, zilikuwa na ugomvi wa kweli mmoja: visiwa vya Åland, ambavyo wakazi wake huzungumza Kiswidi na walitaka kujiunga na Uswidi. Zingeweza kutwangana. Badala yake shauri lilipelekwa Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo na lililokuwa na makao Geneva, na mwaka 1921 visiwa vikabaki Ufini kwa sharti kwamba hapatawekwa jeshi. Mpaka leo hapana kambi ya jeshi Åland, na kijana mwenye ukazi wa huko halazimiki kwenda jeshini. Vita vya 1939 vilipokuja, zaidi ya Waswidi 8,000 walijitolea kwenda kuisaidia Ufini, na watoto wa Kifini takriban 70,000 walipelekwa Uswidi kulelewa mpaka vita viishe. Familia nyingi hazijasahau. Ukinilazimisha nicheze mchezo wa ramani, nitasema Ufini haina meli za kuvusha jeshi lake hadi Stockholm, na Uswidi haina askari wa kutosha kuvuka misitu ya Lapland. Wangetazamana mpaka majira ya baridi yaishe.

Walichokifanya ni kinyume chake. Ziliomba kuingia NATO siku moja, tarehe 18 Mei 2022. Ufini ikapokelewa tarehe 4 Aprili 2023, na Uswidi, iliyocheleweshwa na Uturuki na Hungaria, tarehe 7 Machi 2024. Mwezi Machi 2023 makamanda wa anga wa Ufini, Uswidi, Norwei na Denmark walikuwa tayari wametia saini nia ya kuziendesha ndege zao, takriban 250, kama jeshi moja. Tangu hapo mantiki ya vita vya kaskazini imebadilika: Ufini inaleta wanaume, wanawake na mizinga, Uswidi inaleta nyambizi, viwanda, bandari ya Gothenburg na kisiwa cha Gotland, ambako kikosi kilirudishwa rasmi Januari 2018.

Mwenzako akirudi na orodha yake, mwambie kuna mambo mawili ya kufuatilia. La kwanza ni nyambizi mpya za A26 zilizoagizwa 2015, ambazo zimechelewa kwa miaka. Zikiingia majini, nguvu ya Uswidi chini ya Baltiki itakuwa haina mfano Ulaya kaskazini. La pili ni idadi ya makuruta wa Uswidi kila mwaka, na hiyo ndiyo namba ninayoitazama mimi kabla ya nyingine yoyote. Katika kikosi cha NATO kinachoandaliwa kaskazini mwa Ufini, huko Rovaniemi na Sodankylä, nchi iliyokubali kukiongoza ni Uswidi, na Wafini ndio watakaowaonyesha wenzao hao jinsi ya kulala kwenye theluji.